Paneli za Sola Juu ya Paa: Waya wa Ardhi na Adui Yake Kutu



Siku hizi katika skimu nyingi, kutoka Lugari mpaka Nyandarua na kutoka Sotik mpaka Magarini, si ajabu kuona paneli za sola juu ya mabati. Nyumba moja ina paneli ndogo ya taa na ya kuchajia simu. Jirani ana paneli nne au zaidi za kuendesha pampu ya maji, mashine ya kukata majani ya ng'ombe, au friji ya maziwa. Mali hii ni ya fedha nyingi, na wengi wanailipia kidogo kidogo. Paneli nzuri ikitunzwa yaweza kufanya kazi miaka 20 na zaidi.

Lakini ukitazama chini ya paneli nyingi utaona ya kwamba waya wa ardhi haupo kabisa, ama upo lakini umefungwa ovyo, na pale ulipofungwa pamegeuka unga mweupe. Mwenye nyumba hudhani ana kinga, kumbe hana. Jambo la kushika katika makala haya ni moja: waya wa ardhi hauna nguvu kuliko kiungo chake kilicho dhaifu, na kiungo huoza upesi pale vyuma viwili vya namna mbalimbali vinapokutana na maji. Basi tuangalie kazi ya waya huu, sababu ya viungo vyake kuoza, na jinsi ya kuvifunga vipate kudumu.

KAZI YA WAYA WA ARDHI

Waya wa ardhi hutoka kwenye fremu ya paneli, hushuka nje ya ukuta, na kufungwa kwenye kigingi cha chuma kilichopigiliwa ardhini. Kazi zake ni mbili.

Kazi ya kwanza ni kukuokoa wakati waya wa umeme unapochubuka. Waya zilizo juu ya paa hupigwa na jua mchana, hupata baridi usiku, na upepo huzisugua kwenye ncha za mabati. Panya nao huzitafuna. Ngozi ya plastiki ikiisha, shaba iliyo ndani hugusa fremu au mabati. Paneli moja ndogo ya taa hutoa volti 20 hivi, nayo si ya kumwua mtu. Lakini paneli moja kubwa hutoa volti 40 hivi, na zikiungwa nne kwa mfuatano, kama inavyofanywa kwa pampu, zatoa volti 160. Umeme huo waweza kuua. Kama fremu na mabati vimeungwa na ardhi vizuri, vyuma hivyo na ardhi unayoikanyaga huwa kitu kimoja, na umeme haupati sababu ya kupita mwilini mwako. Kama havikuungwa, anayepanda ngazi kusafisha mfereji wa maji ya mvua ndiye atakayekuwa njia ya umeme kwenda ardhini.

Kazi ya pili ni ya wakati wa radi. Wakulima walio karibu na Ziwa Victoria, na walio Kisii na Kakamega, wanajua jinsi radi inavyonguruma huko. Radi si lazima ipige nyumba yako ndipo ikudhuru. Ikipiga mti ulio karibu, huamsha umeme wa ghafla katika waya zote zilizo jirani, na umeme huo hukimbilia kontrola, inveta, taa na redio. Waya wa ardhi huupa njia fupi ya kutokea.

Hapa yafaa tuseme kweli. Waya wa ardhi hauiti radi, kama watu wengine wanavyodhani. Wala hauwezi peke yake kuokoa vyombo kama radi imepiga paneli yenyewe. Mwenye mashine za bei kubwa na amwombe fundi amfungie pia vile vyombo vidogo vya kuzuia mshtuko wa radi, navyo viungwe na kigingi hicho hicho. Vyombo hivyo bila waya wa ardhi ulio mzima ni bure.

KWA NINI VIUNGO HUOZA

Jambo hili laweza kuonekana nyumbani. Chukua ndimu moja. Choma ndani yake msumari mpya wa mabati, ule uliopakwa zinki, na kando yake choma kipande cha waya wa shaba uliosuguliwa ukang'aa. Usiviache vigusane. Sasa gusa msumari na waya kwa ncha mbili za mita ya kupimia umeme. Mita itaonyesha volti karibu 1. Hakuna betri hapo, wala paneli. Vyuma viwili vya namna mbalimbali pamoja na maji ya ndimu vimekuwa betri.

Bwana Alessandro Volta wa Italia ndiye aliyewaonyesha wataalamu jambo hili mwaka 1800, alipopanga vipande vya vyuma viwili kwa zamu, na katikati yake akatia vitambaa vilivyoloweshwa maji ya chumvi. Betri zote za leo zimetokana na kazi ile.

Lakini umeme wa betri ya namna hii haupatikani bure. Chuma kimoja kati ya viwili lazima kiliwe. Chuma kilicho dhaifu huliwa, na chenzake hubaki salama. Hivi ndivyo vyuma tunavyovitumia vilivyopangwa, kuanzia kile kinacholiwa upesi:

1. Zinki, yaani ile rangi ya fedha iliyo juu ya mabati na juu ya mabomba ya chuma.
2. Alumini, yaani chuma chepesi kama cha sufuria. Fremu za paneli hutengenezwa kwa alumini.
3. Chuma cha kawaida.
4. Bati la kulehemia.
5. Shaba nyekundu, yaani ile ya waya za umeme.

Kadiri vyuma viwili vinavyokuwa mbali katika orodha hii, ndivyo kimoja kinavyoliwa kwa kasi. Sasa fikiri juu ya fundi anayemenya waya wa shaba na kuukaza moja kwa moja kwenye fremu ya alumini, kisha mvua inyeshe. Ameunda betri juu ya paa lako. Alumini italiwa kidogo kidogo, na mahali pake patabaki unga mweupe. Unga huo haupitishi umeme. Ukisimama chini waona waya umefungwa, lakini njia ya kwenda ardhini imekatika.

Uharibifu huu ni wa siku nyingi. Mwaka 1761 jeshi la majini la Uingereza lilifunika tumbo la meli moja, iliyoitwa Alarm, kwa karatasi za shaba ili wadudu wa baharini wasile mbao zake. Meli ilipokaguliwa mwaka 1763, misumari ya chuma iliyokuwa imegusana na shaba ilikuwa imeliwa vibaya. Lakini mahali pengine karatasi ya kufungia, ile ya rangi ya udongo, ilikuwa imebaki katikati ya shaba na chuma. Misumari ya hapo ilikuwa mizima. Kipande cha karatasi tu kilikuwa kimetenga vyuma viwili.

MAMBO MATATU YANAYOLETA UHARIBIFU

Mambo matatu lazima yawe pamoja. Moja, vyuma viwe vya namna mbili. La pili, vigusane, au viungwe kwa waya. La tatu, pawe na maji. Ondoa moja la mambo haya na uharibifu utakoma. Dawa zote tutakazozitaja zatokana na kanuni hii.

Maji si ya mvua tu. Umande wa Kinangop wa kila asubuhi watosha. Na wakulima wa Pwani, wa Magarini na wa Mpeketoni, wana shida zaidi, kwa kuwa upepo wa bahari huleta chumvi, na maji yenye chumvi hupitisha umeme vizuri kuliko maji matupu. Waya uliofungwa vibaya huko huharibika mapema kuliko huku bara.

Kuna na jambo jingine ambalo wengi hawalijui. Shaba yaweza kuharibu mabati hata bila kuyagusa. Maji ya mvua yanayotiririka juu ya shaba tupu hubeba chembechembe za shaba. Yakidondoka juu ya mabati, chembechembe hizo hushika kwenye zinki na kuila. Halafu kutu nyekundu huingia, na mabati hutoboka kwa mstari kufuata njia ya maji. Kwa hiyo usilaze waya wa shaba usio na ngozi juu ya mabati, wala usiupitishe mahali ambapo maji yake yatadondokea paa au mfereji.

JINSI YA KUFUNGA KIUNGO CHA FREMU

Kiungo cha waya wa ardhi ni tofauti na viungo vingine. Hapa hatuwezi kuvitenga vyuma, kwa sababu tunataka umeme upite. Basi hubaki njia mbili: kuchagua vyuma vinavyopatana, na kuyazuia maji.

Fuata mpango huu:

1. Tumia waya wa shaba wenye ngozi ya kijani na manjano, unene usiopungua milimita 6 za mraba. Nunua ule ambao ngozi yake yastahimili jua.

2. Mwisho wa waya utiwe kichwa chenye tundu, kile mafundi wanachokiita lagi, na kikazwe kwa koleo lake. Lagi iwe ya shaba iliyopakwa bati, ile inayong'aa kama fedha. Bati li katikati ya shaba na alumini katika orodha yetu, nalo hupunguza ugomvi wao.

3. Tafuta kwenye fremu tundu lililowekwa alama ya ardhi. Tumia hilo. Usitoboe tundu jipya, maana waweza kudhoofisha fremu na kupoteza dhamana ya aliyekuuzia.

4. Bolti, nati na washa zote ziwe za chuma kisichoshika kutu. Kati ya lagi na fremu tia washa ya meno. Alumini ya fremu ina ngozi ngumu isiyopitisha umeme, na meno ya washa hiyo huipasua mpaka kufikia chuma kizima. Washa bapa peke yake haitoshi.

5. Juu ya lagi tia washa ya springi, kisha kaza nati kwa spana. Kufunga kwa mkono au kwa koleo la kawaida hakutoshi, kwa sababu upepo utailegeza.

6. Kiungo kikisha kukazwa, kipake grisi ya viungo vya umeme kila upande, ili maji yasiingie. Mwenye kukosa grisi hiyo na atumie rangi nzito ya kuzuia maji. Paka baada ya kukaza, si kabla, maana rangi ikiingia katikati huzuia umeme.

Labda utauliza, kama chuma kisichoshika kutu ni cha namna nyingine, mbona nacho hakili alumini? Jibu ni ukubwa. Bolti ni ndogo na fremu ni kubwa, na uharibifu hugawanyika juu ya fremu yote hata usionekane. Hatari ni pale kinacholiwa kinapokuwa kidogo na chenzake kikubwa, kama misumari ya ile meli katikati ya shaba nyingi. Kwa sababu hiyo usishike kipande kikubwa cha shaba kwa misumari ya mabati.

Kila paneli iungwe. Usitegemee ya kwamba paneli ya pili itapata ardhi kwa kuwa imekaa karibu na ya kwanza. Na kama paneli zimewekwa juu ya vyuma vya pembe, tia vipande vya mpira au vya plastiki ngumu kati ya alumini na chuma ili kuvitenga. Lakini kumbuka, mpira unaozuia kutu huzuia na umeme wa kwenda ardhini. Ukitia mpira, basi fremu na vyuma vya chini vyote viungwe kwa waya.

KIGINGI CHA ARDHI

Kigingi kinachofaa ni cha chuma kilichovikwa shaba, chenye unene wa milimita 16 hivi na urefu wa mita 1.2 au zaidi. Kipigilie chote mpaka kibaki kichwa tu, ndani ya kishimo chenye kifuniko. Waya ufungwe kwa klampu ya shaba iliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Usiuzungushe kwa mkono kama unayefunga mbuzi.

Ardhi yenye unyevu hupitisha umeme, na ardhi kavu huuzuia. Chagua mahali penye unyevu mwaka wote, kwa mfano karibu na maji yanapomwagika kutoka tangi. Kwenye udongo mweusi, ambao hupasuka wakati wa kiangazi, kigingi kifupi huweza kubaki kimesimama ndani ya ufa bila kugusa udongo, kwa hiyo kiende chini zaidi. Penye mawe au ukavu mwingi, tumia vigingi viwili vilivyoachana mita 2.4 au zaidi, viungwe pamoja kwa waya. Watu wengine hutia chumvi shimoni. Chumvi husaidia kwa muda, kisha huyeyuka ikaenda na maji, na kabla ya kwenda huila klampu na kigingi.

Usitumie bomba la maji badala ya kigingi. Siku hizi mabomba mengi ni ya plastiki, na chuma unachokiona ukutani huenda ni kipande tu. Tena bomba la zinki lililo ardhini likiungwa na shaba, bomba ndilo litakaloliwa, nawe utatafuta mahali maji yanapovujia usijue sababu.

Kama nyumba yako ina stima ya kampuni pia, na tayari ina kigingi chake, viwili hivyo viungwe pamoja na fundi. Vigingi viwili visivyoungwa ni hatari wakati wa radi, kwa sababu kimoja chaweza kupanda volti kuliko kingine, na umeme ukapita kati yao ndani ya nyumba.

Waya ushuke kwa njia iliyo nyoofu na fupi, nje ya nyumba. Usiukunje kwa pembe kali, na uliobaki usiuviringe kama kamba. Umeme wa radi hupendelea njia nyoofu.

ANGALIA NG'OMBE WAKO

Usiweke kigingi karibu na zizi, wala karibu na hori la maji. Radi inapoingia ardhini, umeme husambaa pande zote, na nguvu yake hupungua kadiri unavyokwenda mbali. Mnyama anayesimama hapo huwa na miguu ya mbele penye volti nyingi na ya nyuma penye volti chache, na umeme hupita tumboni na moyoni mwake. Ng'ombe hufa hivyo kwa urahisi kuliko mtu, maana miguu yake imeachana sana. Ndiyo sababu ng'ombe waliojikinga mvua chini ya mti mmoja huweza kufa pamoja.

Tena hewa ya zizi ni adui wa shaba. Mvuke wa mkojo na samadi huila shaba ya viungo na ya klampu. Pitisha waya mbali na zizi.

UKAGUZI

Kagua mara mbili kwa mwaka, kabla ya mvua ya masika na kabla ya mvua ya vuli. Rangi zitakuambia habari: unga mweupe maana yake alumini au zinki inaliwa, rangi ya kijani maana yake shaba inaliwa, rangi nyekundu ya kahawia maana yake chuma kimeshika kutu. Ukiona mojawapo, fungua kiungo, sugua kwa msasa mpaka chuma king'ae, tia washa mpya, kaza, kisha paka tena. Washa chache ni bei ndogo kuliko inveta moja. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Mwenye mita na apime pia kati ya fremu na klampu ya kigingi. Kiungo kizuri hakizidi ohmu 1. Kipimo hicho ni cha waya na viungo tu. Kupima kama ardhi yenyewe yapokea umeme vizuri kwataka chombo kingine, na fundi anacho.

Kabla ya kugusa chochote, zima swichi ya paneli kisha ya betri. Kumbuka kwamba paneli haizimiki wakati jua linawaka, hata ukizima swichi. Ifunike kwa blanketi nzito. Usichomoe waya zinazofanya kazi, maana cheche za umeme wa sola hazikatiki upesi. Usipande juu ya paa lenye maji, wala wingu la radi likionekana.

Na usifunge waya wa ardhi kwenye waya hasi wa paneli au wa betri kwa kufikiri kwamba ni mamoja. Waya wa ardhi ni wa fremu na vyuma. Kontrola nyingine huharibika zikiungwa hivyo.

Kazi ya paneli zaidi ya moja mpe fundi mwenye leseni ya EPRA, na kabla hajaanza mwombe akuonyeshe leseni hiyo. Akimaliza, usimlipe kwa kuwa taa zimewaka tu. Mwulize: Waya wa ardhi uko wapi? Lagi yake ni ya namna gani? Washa ya meno umetia? Vigingi vimeungwa? Fundi aliyefanya kazi vizuri atapanda nawe ngazi akuonyeshe kila kimoja.